Reli ndogo ya mvuke iliyofungwa kambini: nitajuaje ilikuwa ya aina gani?

Swali
Wakuu, salaam. Naandika kumbukumbu ya reli ndogo iliyokuwa ikizungusha wageni kwenye kambi ya mahema. Treni haipo tena. Limebaki tuta, mataruma (magogo ya kulalia reli), vipande vichache vya reli, boila kuukuu bandani na picha zenye dohani. Nitapataje geji (umbali kati ya reli mbili)? Na kweli ilikuwa ya mvuke?

Jibu 1
Pima kutoka ubavu wa ndani wa kichwa cha reli hadi ubavu wa ndani wa mwenzake, kwenye mnyoofu, mahali kama kumi. Achana na kona, kwani huko njia hupanuliwa kidogo kwa makusudi. Taruma lililooza nalo huachia reli itanuke. Umakini unahitajika sana: 184 mm (inchi 7¼) na 190.5 mm (inchi 7½, inayotumika sehemu kubwa ya Marekani) zinapishana milimita 6 na kidogo tu. Kubwa zaidi utakuta 381 mm au 610 mm.

Reli ikiwa imeng'olewa, tumia matundu ya misumari ya ndani. Umbali wake ni mdogo kuliko geji kwa sababu kitako cha reli ni kipana kuliko kichwa. Chukua kipande kilichobaki, pima kitako, toa upana wa kichwa, kisha tofauti hiyo iongeze kwenye umbali wa matundu.

Jibu 2
Mkuu, dohani si ushahidi. Treni ndogo za burudani aina ya C.P. Huntington za kampuni ya Chance, zinazoundwa Wichita, Kansas, Marekani tangu miaka ya 1960, zina dohani na umbo la boila, lakini nyingi huendeshwa kwa injini ya petroli, gesi au dizeli. Geji yake ni 610 mm. Kwenye picha tafuta kioo cha kuonyesha kimo cha maji na vali ya usalama. Ardhini tafuta shimo la majivu, msingi wa tangi la maji na mabonge ya majivu ya makaa yaliyoyeyuka yakagandamana. Ukiyakosa mabonge usikate tamaa, zipo zilizochoma mafuta.

Swali (tena)
Boila lina kioo na vali. Nikilijaribu kwa kompresa?

Jibu 3
Hapana, usithubutu! Hewa iliyobanwa hutunza nguvu nyingi, na chuma kikipasuka vipande huruka. Jaribio hufanywa kwa maji baridi, hewa yote ikiwa imetolewa, kwa kawaida hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi: boila la presha ya bar 7 hupandishwa hadi bar 10.5, mkaguzi akiwapo. Kabla ya hapo vua lagi (tabaka la nje la kuhifadhi joto). Kagua sehemu ya chini ya tanuri palipotuama tope, na mabomba ya moshi: masizi yenye salfa yakipata unyevu huwa tindikali na kula chuma polepole. Boila lililoachwa na majivu ndani huweza kuharibika zaidi kuliko lililokuwa kazini. Geji ya presha (saa ya kupimia presha) ipimwe upya; ya zamani hudanganya.