Mrejesho: Matunzo ya mtoto na baba kumwona

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kama naweza kumzuia mzazi mwenzangu asimwone binti yetu wa miaka 7, kwa kuwa alikuwa hajatoa matunzo kwa miezi 8. Wengi mlinikataza, mkasema hayo ni mambo mawili tofauti. Iliniuma kuyasoma, lakini mlikuwa sahihi.

Hakimu alinieleza vilevile: matunzo ni haki ya mtoto, na kuwa karibu na wazazi wote wawili pia ni haki yake, labda kuwe na hatari kwake. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 9, unalitambua hilo.

Kilichonibeba ni lile daftari mlilonishauri. Ada, dawa, viatu, kila kitu na tarehe yake, risiti nimezibana kwa pini nyuma ya kurasa. Mwenzangu alipodai kuwa alikuwa ananipa fedha mkononi, akaulizwa ushahidi, akanyamaza. Atakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na malimbikizo atalipa kidogo kidogo. Mtoto anabaki kwangu, wikendi mbili kwa mwezi anakwenda kwa baba yake.

Jumamosi ya kwanza binti alisimama mlangoni na begi lake tangu saa moja asubuhi, viatu kavigeuza, cha kushoto mguu wa kulia. Baba yake alipotokea alimkimbilia. Nililia, namshukuru Mungu kwamba sikumfungia mlango.

Talaka yenyewe bado, itasikilizwa mwezi ujao.