Bango la mkutano wa Injili: mbona sura ya mhubiri imemfunika Yesu?

Mlinda Lango: Wakuu, bila matusi. Nusu nzima ya bango ni mhubiri kavaa suti inayong'aa, "Mtume na Nabii". Yesu yuko chini kabisa, kabanana na namba za simu. Yohana Mbatizaji alisema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Hapa anayezidi ni nani?

Mpanda Ngano: Kinachozidi ni wivu wako. Watu watajuaje nani anahubiri?

Shemasi Mstaafu: Paulo mwenyewe kasema mnifuate mimi. 1 Wakorintho 11, kama sikosei.

Mlinda Lango: Malizia mstari, Shemasi: "kama mimi ninavyomfuata Kristo." Hiyo nusu uliyoiacha ndiyo mada yenyewe.

Shemasi Mstaafu: Kijana, nimefundisha katekisimu hujazaliwa. Usinifundishe kusoma.

Jicho la Tai: Unyenyekevu umeshaanza kumwagika 😂

Binti Sayuni: Kule mji wa Listra watu walimwita Barnaba Zeu, Paulo wakamwita Herme, majina ya miungu yao, wakaleta na ng'ombe wa kuwatolea sadaka. Mitume wakararua nguo zao wakipiga kelele kwamba wao ni binadamu tu. Siku hizi wale ng'ombe wangeandikiwa risiti.

Mpanda Ngano: Risiti imeingiaje? Ndiyo nyie msiotoa zaka, kazi kuhesabu za wenzenu.

Binti Sayuni: Umejuaje sitoi? Umekuwa mtunza hazina wa Mbinguni lini?

Jicho la Tai: Zaka si ya Malaki ile? Agano la Kale hilo, tulishatoka huko.

Mpanda Ngano: Ibrahimu alimpa kuhani Melkizedeki zaka kabla hata Sheria ya Musa haijaja. Soma Mwanzo 14.

Jicho la Tai: Alitoa fungu la kumi la nyara. Wewe umetoka vita gani?

Mgeni wa Jana: Nirudi kwenye mada kidogo. Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua: "Simama, mimi nami ni mwanadamu." Picha mimi naivumilia. Ninachokitafuta ni mhubiri wa kusema "simama" pale watu wanapomwangukia yeye.

Mpanda Ngano: Sawa, ila nyara ni mali au si mali? Jibuni hilo kwanza.

Mlinda Lango: Jamani, bango!

Binti Sayuni: Subiri kwanza, huyu kaniita mchoyo.

Shemasi Mstaafu: Na mimi bado sijaombwa radhi.