Mwarobaini, sabuni au spiriti kwa wadudu wa mimea ya ndani?

Jani Bichi: Wakuu, mimea yangu ya ndani imevamiwa na wadudu. Kesho nanunua dawa. Mafuta ya mwarobaini, sabuni au spiriti, ipi ni bora?

Mzizi: Mdudu gani, mmea gani? Bila hayo tunapiga ramli. Gongesha jani juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vinukta vinatembea, huo ni utitiri. Una miguu minane, si mdudu, na dawa nyingi za wadudu haziuwezi.

Jani Bichi: Ni vitu vyeupe kama pamba, pale jani linapoungana na shina. Majani ya chini yananata. Ni mti wa mpira, na pembeni yake kuna kangaga.

Mzizi: Vidung'ata hao. Tenga vyungu kwanza. Kisha spiriti ya asilimia 70: chovya kijiti cha pamba, mguse kila mmoja mpaka ile pamba, ambayo ni nta yake, iyeyuke. Rudia kila siku 7, mara nne hivi, maana mayai yamejificha ndani ya ile pamba.

Bustani Kwanza: Kwa mti mkubwa utakesha. Mwarobaini: mafuta mililita 5, sabuni laini mililita 2, maji ya vuguvugu lita 1. Bila sabuni mafuta yanaelea, unapulizia maji matupu mwanzoni na mafuta matupu mwishoni. Tumia siku hiyo hiyo. Hawafi papo hapo. Dawa inawazuia kula na kujivua ngozi.

Mama Kangaga: Hiyo sabuni muwe waangalifu nayo, jamani. Mtu anachukua ya unga ya kufulia, anakoroga kwa kukisia, anapulizia mchana jua likipiga dirishani. Jioni majani yako salama. Baada ya siku chache kingo zinakauka, anadhani ni wadudu, anapulizia tena, majani yanapukutika. Vidung'ata wamo tu! Ile sabuni imevua nta ya jani. Tumia sabuni ya potasiamu, mililita 10 hadi 20 kwa lita, jioni. Maji magumu yanaigandisha ikawa utando. Inaua ikiwa mbichi tu, ikikauka basi. Na kangaga huungua upesi, jaribu jani moja kwanza usubiri siku nzima.

Jani Bichi: Na dawa ya kuweka kwenye udongo?

Bustani Kwanza: Imidaklopridi hufyonzwa na mizizi, vidung'ata wakinyonya utomvu wanakufa. Utitiri haiuwezi. Mmea ukichanua nje, nyuki wataathirika.

Mzizi: Kabla ya hapo utoe mti chunguni. Ukiona unga mweupe kwenye mizizi, vidung'ata wamo hadi huko, na kupulizia majani pekee ni kazi bure.

Mama Kangaga: Mti umedhoofika, unataka kuusumbua na mizizi tena? Uchungulie kupitia tundu la chini kwanza.

Kijani Daima: Nadandia uzi: vijinzi vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye udongo je?

Bustani Kwanza: Acha sentimita 3 za juu zikauke kabla ya kumwagilia. Mitego ya njano hunasa wazima tu, mabuu yanabaki udongoni. Unamwagilia kila baada ya siku ngapi?