Mjadala: Mwimbaji akitoboa na hiti moja kubwa, ni kweli hana maisha baada ya hapo?

Wadau salaam. Juzi tulikesha tunabishana na washkaji, mmoja wetu kashikilia kwamba mwimbaji akitoboa kwa ngoma moja kubwa mhesabie miaka miwili tu, baada ya hapo kachuja, akamalizia na ule msemo wa ngoma ivumayo haidumu, wenzangu wote wakaitikia, nikabaki nabisha mwenyewe mpaka sauti ikakauka. Sikupata nafasi ya kumaliza hoja yangu, basi naileta hapa mniambie nimekosea wapi.

Msimamo wangu ni kwamba anaweza kudumu, na wengi wangedumu kabisa kama ule mwaka mmoja au mmoja na nusu baada ya hiti usingechezewa. Na wanaouchezea mara nyingi hata sio waimbaji wenyewe.

Niwape nilichokiona kwa macho. Niliwahi kupiga kinanda nyuma ya mwimbaji mmoja, jina lake naliacha, kipindi ngoma yake imeshika kila kona. Shoo ya kwanza kubwa tuliandika orodha ya nyimbo nane nikaibandika na selotepu pembeni ya kinanda, ile hiti tukaiweka ya saba ili watu waisubiri. Wimbo wa pili haujaisha watu washaanza kuitaja kwa jina, kelele mtindo mmoja, MC akaja akaninong'oneza pigeni sasa hivi kabla hawajakasirika. Tukaipiga ya tatu. Simu zote juu, ukumbi mzima unaimba, raha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nywele zinasimama. Ikaisha, simu zikashuka, na kuanzia pale nilichokuwa naona ni migongo ya watu. Wanapiga stori, wanatoka nje, na jamaa yuko mbele anaimba wimbo aliouandika mwenyewe kuhusu mama yake, wimbo mzuri kuliko ile hiti nawaambia ukweli wa Mungu. Ikabidi hiti tuirudie mara mbili zaidi ndo watu wakaondoka wameridhika. Nyuma ya steji alikaa kajifunika taulo kichwani akaniuliza, hivi hawa wananijua mimi au wanaijua ngoma? Nilikosa la kumjibu.

Wiki iliyofuata tukaingia studio. Prodyuza akafungua faili la hiti ileile, akalisevu kwa jina jipya, tempo, yaani kasi ya wimbo, akaitoa 98 akaipeleka 102, mi nikaambiwa nicheze noti zilezile ila nianzie juu kidogo. Jamaa alikuwa na daftari lenye nyimbo zaidi ya kumi, lilikuwa pale pale mezani karibu na spika, hakuna aliyelifungua. Menejimenti wanasema soko linataka ilichokizoea. Ngoma ikatoka, watu wakasikiliza nusu wakasema si ndo ileile, wakarudi kwenye ya zamani. Ya tatu nayo ikapikwa hivyohivyo. Mwaka haujakatika jamaa anafungua shoo za watu ambao mwanzo ndo walikuwa wanamfungulia yeye. Leo ukimtaja watu wanasema alichuja, na mimi roho inaniuma kwa sababu lile daftari nililiona.

Sasa tutoke kwa jamaa yangu twende kwa wanaojulikana.

Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, tamasha la kutimiza miaka 70 ya Nelson Mandela ambaye wakati huo alikuwa bado jela. Chapman alikuwa keshaimba zamu yake mapema. Stevie Wonder akakwama kwa tatizo la vifaa vyake, ikahitajika mtu wa kuziba pengo, akarudishwa huyu dada na gitaa lake tu, hana bendi, akaimba Fast Car mbele ya watu ambao wengi hawakuwahi kumsikia, na dunia nzima inatazama kwenye televisheni. Kwa hesabu ya mshkaji wangu basi 1990 awe keshasahaulika. Mwaka 1996 wimbo wake mwingine, Give Me One Reason, ukafika namba 3 Marekani, miaka minane baadaye hiyo. Halafu 2023 Luke Combs akairudia Fast Car kwenye kantri, ikampa Chapman tuzo ya CMA, zile za chama cha muziki wa kantri Marekani, ya wimbo bora wa mwaka, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata, na Februari 2024 akasimama kwenye Grammy kuiimba tena. Wimbo uleule, zaidi ya miaka thelathini na tano, na mwenyewe alikuwa hata albamu mpya hatoi tangu 2008.

Mniambie ni bahati? Kurudishwa stejini siku ile ilikuwa bahati, sawa. Lakini ukirudishwa stejini ghafla halafu kwenye begi huna wimbo, bahati inakusaidia nini? Albamu nzima ilikuwa tayari. Hapa ndo kwenye kiini cha ninachosema, akiba ya nyimbo. Mtu aliyetoboa akiwa na nyimbo ishirini ndani, na mtu aliyetoboa na wimbo mmoja aliotungiwa na watu sita studio, hawa tukiwaweka kwenye kapu moja tukasema wote ni wa hiti moja tunawaonea.

Brenda Fassie wa Afrika Kusini alitoka na Weekend Special mwaka 1983. Katikati hapo maisha yalimpiga kila mtu anajua, madawa, misiba, magazeti yakawa yanamuandika kama mtu aliyekwisha. Mwaka 1997 akaja na albamu ya Memeza, ndani yake mna Vulindlela, na mpaka leo ukiipiga kwenye harusi yoyote uone wazee wanavyoinuka. Miaka kumi na nne toka hiti ya kwanza. Na Nomcebo Zikode, sauti ya Jerusalema ya Master KG iliyochezwa dunia nzima 2020 watu wakiwa wamefungiwa majumbani, wengi walimweka kwenye fungu la sauti iliyobahatika. Alikuwa kaimba nyuma ya wasanii wengine miaka na miaka kabla ya hapo, na Februari 2023 akachukua Grammy kwa Bayethe pamoja na Wouter Kellerman na Zakes Bantwini. Wimbo mwingine kabisa huo.

Kitu cha pili ambacho washkaji hawakutaka hata kukisikia ni nani anaumiliki wimbo. Hii nadhani inaua kazi nyingi kuliko kukosa kipaji. I Will Always Love You kaiandika Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, 1973, akaitoa 1974. Elvis Presley akataka kuiimba, meneja wake akadai wapewe nusu ya haki za utunzi, Dolly akakataa, anasema alilia usiku kucha ila akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akaiimba ikakaa namba moja Marekani wiki 14, na mtunzi akaendelea kulipwa kwa kila inapopigwa. Sasa wekeni hili pembeni yake: redio za kawaida Marekani zikipiga wimbo zinamlipa mtunzi, mwimbaji hazimlipi. Yaani sauti yako inaweza kulia redioni asubuhi mpaka usiku na kama hukuandika wewe hupati hata senti kwa upande huo. Ndo maana mtu ana hiti dunia nzima halafu miaka mitatu mbele anahangaika na shoo ndogondogo, watu wanasema alikula hela kwa starehe. Wapo waliokula. Ila wapo wengi ambao hiyo hela haikuwahi kufika kwao, ilikatwa advansi ya lebo, yaani hela ambayo kampuni ya kurekodi ilimtangulizia, ikakatwa video, ikakatwa meneja, kilichobaki ni umaarufu. Kundi la TLC la Marekani walijitangaza kufilisika 1995 wakati albamu yao ya CrazySexyCool inauzwa kama maji. Mtu asiye na hela ya kukaa miezi sita akaandika nyimbo atawezaje kukataa kutoa nakala ya hiti yake? Hawezi. Atafanya anachoambiwa.

Halafu jamani hili neno kuchuja tunalitumia vibaya sana. Los del Río, wale wazee wa Hispania wa Macarena iliyokaa namba moja Marekani wiki 14 mwaka 1996, walianza kuimba pamoja 1962. Elfu moja mia tisa sitini na mbili! Miaka zaidi ya thelathini ya kazi kabla sisi hatujawajua, na tunawaita wa wimbo mmoja kwa sababu ni mmoja tu uliotufikia sisi. Psy wa Gangnam Style naye, video ya kwanza YouTube kufika watazamaji bilioni moja, Desemba 2012, nje ya Korea watu wanamuona kama kichekesho kilichopita. Kule kwao alikuwa na albamu toka 2001, na baada ya hapo kaanzisha lebo yake P Nation na bado anajaza viwanja kila kiangazi. Kachuja wapi?

Bobby McFerrin ndo ananigusa zaidi. Don't Worry, Be Happy, 1988, wimbo wa kwanza usio na chombo hata kimoja kufika namba moja Marekani, yote ni sauti na mwili wake. Kila mtu alitaka aitoe tena kwa sura nyingine. Yeye akarudi kwenye jazi, akajifunza kuongoza okestra, mwaka 1994 akaanza kufanya kazi na Saint Paul Chamber Orchestra. Hakutafuta hiti ya pili hata siku moja. Gotye wa Australia hivyohivyo, kachukua Grammy 2013 kwa Somebody That I Used to Know, na toka Making Mirrors ya 2011 hajatoa albamu nyingine kwa jina hilo, yuko na bendi yake ya The Basics na mambo yake ya vinanda vya zamani. Hao mnawahesabu wameshindwa? Mi siwahesabu, mtu akiamua mwenyewe kutoka kwenye mbio hizo hajashindwa na mtu.

Hoja moja ya upande wa pili naikubali na inanisumbua. Mshkaji mwingine alisema siku hizi wimbo unavuma kwa kipande cha sekunde kumi na tano, watu wanacheza kipande, hawajui ubeti wa pili wala sura ya mwimbaji, kwa hiyo hata akiba ya nyimbo haisaidii kwa sababu hakuna anayemfuatilia mtu. Kuna ukweli. Na malipo nayo yamebana, Spotify toka 2024 wimbo usiofikisha mara elfu moja kwa mwaka haulipwi kitu upande wa rekodi, kwa hiyo zile nyimbo nyingine kumi za mtu wa hiti moja zinaweza zisimuingizie chochote. Ila hata hapo angalieni Love Nwantiti ya CKay wa Nigeria, ilitoka 2019, ikalipuka dunia nzima 2021. Miaka miwili ile alikuwa anafanya kazi, hakukaa kuisubiri. Dogo ambaye kipande chake kinalipuka wiki ya kwanza na hana wimbo wa pili hata kwenye simu, huyo namuonea huruma kweli, na sijui nimshauri nini zaidi ya kuandika usiku na mchana.

Na sisi wasikilizaji tumo. Wale waliogeuza migongo siku ile sio menejimenti, ni sisi, tumelipa kiingilio kumuona mtu halafu tunampa dakika nne kati ya arobaini.

Sasa swali langu kwenu, hasa mnaofanya muziki. Mwimbaji kapata hiti kubwa wiki iliyopita, wewe ndo meneja, ngoma ya pili unaitoa lini na iweje? Washkaji wote walisema ndani ya miezi miwili, ifanane na ya kwanza, moto usipoe. Mi ningeacha hiti itembee yenyewe, ningempa miezi sita, ningehakikisha karatasi za utunzi zina jina lake, na ngoma ya pili ningeitoa kwenye daftari, hata kama ni ile ya mama yake.