Naomba ushauri: miwani ya kulengea shabaha, dogo achukue lenzi ya rangi gani?

Mzee wa Theluji:
Habarini wakuu. Niko Minnesota huku, mwaka wa kumi na moja sasa. Kijana wangu wa darasa la tisa kajiunga na timu ya shule ya kupiga visahani. Kwa ambao hamjawahi kuona: ni kisahani cha rangi ya chungwa, upana wake sentimita 11 hivi, kinarushwa na mashine iliyofichwa kwenye kibanda kifupi, nawe unakipiga kikiwa hewani kwa bunduki ya marisau. Huku ni mchezo wa shule kama ulivyo mpira wa pete kwetu. Mechi zinaanza masika, theluji haijaisha hata kuyeyuka, na mashindano ya jimbo ni Juni, katika mji wa Alexandria huku huku Minnesota. Mama yake aligoma mwezi mzima. Kakubali juzi, kwa sharti moja tu: macho ya mtoto.

Kocha naye hataki mchezo, bila miwani na vizibo vya masikio hukanyagi uwanjani. Nikaenda dukani nikijua nachukua miwani naondoka. Wakuu, ukuta mzima! Njano, chungwa, zambarau, kijivu, kahawia, nyingine nyeupe kama dirisha. Muuzaji akasema njano ndiyo ya wapigaji wote. Nikalipa.

Jumamosi ya kwanza palikuwa na mawingu mazito, dogo akaisifia sana. Jumamosi iliyofuata jua likatoka, akarudi macho mekundu, kavunja 14 kati ya 25, analalamika kila kitu kilikuwa kinawaka. Je, ipo rangi moja ya kumfaa siku zote? Sitaki kununua miwani kama ninavyonunua soksi.

Mtani wa Pongwe:
Sisi tulianza utaalamu huu na karatasi za pipi. Unaweka nyekundu jichoni, mwalimu mkuu anageuka nyanya. Mpelekee dogo paketi, atapata rangi zote na utamu juu.

Kipanga:
Mtani acha vituko, mwenzio ana shida ya kweli.

Mzee wa Theluji, hiyo rangi ya siku zote haipo. Napiga visahani mwaka wa nane huku Texas na kwenye begi nina lenzi tatu. Muuzaji hakukudanganya, kakupa nusu ya jibu. Njano inazuia mwanga wa buluu. Siku ya mawingu, au alfajiri, ule ukungu wa kibuluu unaofifisha ukingo wa vitu unapungua, kisahani kinaonekana kimekatwa vizuri. Lakini njano inapitisha mwanga karibu wote, kwa hiyo jua likiwaka ni sawa na kutovaa kitu.

Kabla ya kuuliza rangi, uliza hivi: kisahani kikiwa hewani, nyuma yake kuna nini? Kama ni miti ya kijani, tafuta zambarau. Inapunguza kijani na kuiachia nyekundu na chungwa zipite, basi miti inafifia na kisahani kinajitokeza. Kama nyuma ni anga tupu, zambarau haikupi faida kubwa, wengi wetu tunavaa kahawia au ile nyekundu inayoelekea chungwa. Kijivu haimbagui mtu, inapunguza rangi zote kwa kipimo kimoja. Inapumzisha macho jua likiwa kali, ila haikusaidii kukiona kisahani.

Dereva Usiku:
Mnazunguka bure. Chukua zile zinazokata mng'ao, za wavuvi. Mimi navaa kila siku, dunia safi kabisa.

Kipanga:
Za wavuvi zinaua mng'ao wa maji, na kisahani hakiogelei, kaka. Wapo wanaozipenda uwanjani, siwakatazi. Ila nyingi ni nyeusi mno, na giza ndilo sitaki huyu mtoto aanze nalo.

Kamwana:
Hapo kwa giza umesema ukweli. Mimi niko Nairobi na mchezo wangu ni bastola, si visahani, lakini jicho ni lile lile. Ukivaa lenzi nyeusi, mboni inapanuka. Mboni ikipanuka, ule ukali wa kuona vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja unapungua, na mimi nahitaji kile kinundu cha mbele ya bastola kionekane wazi kabisa. Kocha wangu alinifunza hivi: vaa lenzi nyepesi zaidi ambayo macho yako yatavumilia bila kukunja uso. Ndani ya jengo navaa nyeupe, nje kwenye jua kahawia hafifu. Karatasi yangu ni nyeupe na nyeusi, zambarau ningeinunua tu kwa urembo.

Fundi Miwani:
Natengeneza miwani Dar, naomba niingie. Wote mmekimbilia rangi, na mama mtu aliuliza macho.

Mzee, ichukue ile miwani uliyonunua, angalia kwenye mkono na kwenye kona ya kioo. Kwa bidhaa za Marekani tafuta maandishi Z87+. Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo ya kujali: maana yake lenzi ilipigwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6 na kidogo, ikienda mita 45 kwa sekunde, na haikupasuka. Kama hakuna alama hiyo, hata iwe na rangi ya peponi, iache nyumbani. Vipande vya kisahani hurudi, na ganda la risasi la jirani huruka upande wa dogo. Kwa hiyo chagua inayozunguka mpaka pembeni ya uso.

Pia watu hudhani lenzi nyeupe haizuii miale mibaya ya jua. Polikaboneti, plastiki inayotumika kwenye hizi, inazuia karibu yote hata isipotiwa rangi. Weusi si kinga, ni starehe ya macho tu.

La mwisho, kijana amepimwa kama anatofautisha nyekundu na kijani? Wavulana wasiotofautisha ni wengi kuliko mnavyodhani, na wengi hawajijui. Kwake yeye hiyo zambarau ya Kipanga huenda isifanye kazi kabisa.

Na Dereva Usiku, kwa jina lako hilo, natumaini huvai njano ukiendesha gari usiku. Walijaribu kwa kifaa cha kuigiza udereva, matokeo yakatoka 2019 kwenye JAMA Ophthalmology, jarida la madaktari wa macho: miwani ya njano haikuwasaidia watu kumwona mtembea kwa miguu.

Dereva Usiku:
Nimeivua.

Mzee wa Theluji:
Wakuu nimerudi. Z87+ ipo, imeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba nilivaa miwani kuisoma miwani. Dogo kapimwa, rangi anaziona sawa.

Jana kocha alituazima fremu yenye lenzi za kubadilisha. Tulitundika kisahani kwenye tawi la msonobari, nikahesabu hatua thelathini, tukawa tunapokezana. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Kwa njano, kisahani na majani vyote vilikuwa vinapiga kelele pamoja. Kwa kijivu macho yalitulia, ila kisahani kikatulia nacho, unakitafuta. Akaweka zambarau, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, miti imerudi nyuma." Nikavaa mimi. Kweli, majani yalikuwa kama ukuta mweusi na kisahani kimesimama mbele yake, unaona mpaka duara la ukingo.

Kwa hiyo nanunua fremu moja yenye Z87+, na lenzi mbili, njano na zambarau. Nyeupe nitaongeza akianza kupiga jioni chini ya taa. Mama yake anaitaka ile kijivu ya kuendea kanisani.

Kipanga:
Hapo umemaliza. Mfundishe kuzisafisha kwa maji kwanza, asifute vumbi kwa fulana. Lenzi yenye mikwaruzo haina rangi. Na matokeo utuletee.

Mzee wa Theluji:
Leo kavunja 19. Yeye anasema ni zambarau. Kocha anasema ni kwa sababu ameacha kuinua shavu kwenye kitako cha bunduki. Mama yake anasema ni uji.