Delhi dhidi ya falme nne za Kihindu za kusini, 1296–1323: mfalme yupi alichagua vizuri?

Mzee wa Ngome
Habari za jioni wakuu. Mada za historia ya India mara nyingi huanzia kwa Wamughal na kuishia kwa Waingereza. Leo naomba turudi nyuma zaidi, wakati jeshi la Usultani wa Delhi linashuka kusini. Huko kulikuwa na falme nne kubwa: Wayadava wa Devagiri, Wakakatiya wa Warangal, Wahoysala wa Dwarasamudra na Wapandya wa Madurai. Adui ni mmoja, lakini kila mfalme alimjibu kivyake.

Devagiri ndiyo iliyoanza kupigwa, 1296. Alauddin Khalji alikuwa bado hajawa sultani, na alivamia bila hata kumwarifu sultani wa wakati huo, ambaye alikuwa ami yake na pia baba mkwe wake. Mfalme Ramachandra alikutwa jeshi lake kubwa limetoka na mwanawe. Akajifungia kwenye ngome ya mlimani. Masimulizi ya zamani yanasema magunia yaliyopandishwa mbiombio yakidhaniwa ni nafaka yalipofunguliwa yakakutwa yamejaa chumvi. Akasalimu amri, akalipa. Miaka ilipopita akaacha kulipa, ndipo Alauddin, sasa akiwa sultani, akamtuma jemadari wake Malik Kafur kumchukua. Kule Delhi hakuuawa. Alitunzwa, akapewa cheo cha Rai Rayan (mfalme wa wafalme), akarudishwa kwenye kiti chake.

Warangal walipigana. Mji ulikuwa na ukuta wa nje wa udongo ulioshindiliwa hadi mawe yaliyorushwa na mitambo ya vita yakawa yanadunda, handaki, halafu ndani ukuta wa pili wa mawe. Kafur aliuzingira mwanzoni mwa 1310. Ukuta wa nje ulipochukuliwa, Mfalme Prataparudra akatuma sanamu yake mwenyewe ya dhahabu, shingoni imefungwa mnyororo wa dhahabu, kuonyesha kwamba amenyenyekea. Pamoja nayo vilitoka tembo 100 na farasi kwa maelfu.

Mwaka 1311 ikawa zamu ya Dwarasamudra. Ballala III alikuwa kusini akivizia faida katika ugomvi wa ndugu wawili wa Kipandya, Sundara na Vira. Akarudi mbio, akapima nguvu zake, akakubali masharti. Wapandya wao hawakukubali chochote: waliingia misituni, mvua zikanyesha, Kafur akapora mahekalu na tembo, lakini wafalme hakuwapata.

Kura yangu ni kwa Ballala. Alitoa mali, akabaki na nchi, na akaendelea kutawala kwa zaidi ya miaka 30.

Bint Mrima
Mzee wangu, shikamoo. Maelezo ni mazuri ila kura yako naipinga. Umeacha jambo moja kubwa: baada ya kusalimu amri, Ballala ndiye aliyeliongoza jeshi la Kafur hadi nchi ya Pandya. Na kabla yake Ramachandra alilipatia jeshi hilohilo chakula, masoko na watu wa kuonyesha njia ya kwenda Dwarasamudra. Kila mfalme aliyeokoa kiti chake alimfungulia adui mlango wa jirani. Kafur alikuwa mbali sana na Delhi. Angekosa nafaka na wenyeji wa kumwongoza, asingefika Madurai.

Na huo utawala mrefu wa Ballala uliishaje? Alikamatwa na sultani wa Madurai (mji huo wa Wapandya ulikuwa umeshakuwa usultani wa Kiislamu) mwanzoni mwa miaka ya 1340, mzee wa zaidi ya miaka 80, akauawa, ngozi yake ikajazwa majani makavu na kutundikwa ukutani. Aliyeiona na kuiandika ni Ibn Battuta, huyuhuyu aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Mswahili wa Muscat
Dada Bint Mrima umenena. Niongeze habari ya farasi, maana bila hiyo tutawaonea Wapandya. Kusini mwa India farasi hawakustawi, hali ya hewa na malisho havikuwafaa, kwa hiyo walinunuliwa kila mwaka kwa bahari kutoka Hormuz, Aden na hapa kwetu Oman. Magofu ya Qalhat, bandari ya kale ya Oman, mpaka leo yapo, na Marco Polo aliutaja mji huo kwa biashara ya farasi wa kwenda India. Wapandya walimwaga dhahabu nyingi sana kwa wanyama waliokuwa wakifa ndani ya muda mfupi. Delhi ilipata farasi kwa njia ya nchi kavu kutoka kaskazini-magharibi, na askari wake walikuwa wameshazoea kukabiliana na Wamongolia. Ukikutana na jeshi kama hilo uwanjani ukiwa na tembo na askari wa miguu, unakwisha siku moja. Kuingia msituni ulikuwa uamuzi wa kijeshi, wala si woga.

Kijana wa Tabora
Wakuu, tafadhali muongezeni Hammiradeva wa Ranthambore, ingawa si wa kusini. Aliwapa hifadhi askari wa Kimongolia waliosilimu kisha wakaliasi jeshi la Alauddin. Aliambiwa awatoe, akakataa. Ngome yake ilizingirwa hadi njaa ikaingia, ikaanguka Julai 1301, na kiongozi wa wale wakimbizi, Muhammad Shah, akapigana upande wake hadi mwisho. Kwa hiyo wanaoisimulia hii kama vita ya dini mbili tu, hapo wanakwama. Mfalme wa Kihindu alipoteza kila kitu kwa ajili ya wageni Waislamu. Mimi huyo namheshimu kuliko wote wanne.

Mzee wa Ngome
Marahaba binti yangu. Hoja ya wenyeji waliolionyesha jeshi njia ni nzito, naikubali. Ila tazameni yaliyompata aliyekataa. Prataparudra aliacha kulipa, na 1321 akaja Ulugh Khan, mwana wa sultani wa Delhi wa wakati huo, ambaye baadaye naye akawa sultani kwa jina la Muhammad bin Tughluq. Mji ulikuwa karibu kuanguka, mara uvumi ukaenea kambini kwamba sultani amefariki Delhi. Jeshi likasambaratika, likarudi Devagiri. Kumbukeni Devagiri ilikuwa tayari mikononi mwa Delhi, kwa hiyo lilipata pa kujipanga upya. Mwaka 1323 likarudi, Warangal ikaanguka, Prataparudra akafungwa na kupelekwa kaskazini, akafa njiani kando ya mto Narmada.

Bint Mrima
Ndiyo mzee, na hiyo Devagiri ndiyo jibu lenyewe. Mwaka 1296 Alauddin alikuja na wapanda farasi elfu chache tu, mamia ya maili kutoka kwao, na Warangal ilikuwa karibu zaidi na Devagiri kuliko huko kwao. Wayadava na Wakakatiya walikuwa na ugomvi wa vizazi, kwa hiyo hakuna aliyemsaidia mwenzake. Walioifukuza Delhi kutoka Warangal katika miaka ya 1330 ni machifu wa Kitelugu walioungana chini ya ukoo wa Musunuri, na wakati huohuo ndugu wawili, Harihara na Bukka, wakaanza ufalme wa Vijayanagara huko kusini. Katika wale wanne, kura yangu naiweka kwa Wapandya, kwa kuwa hawakumwongoza Kafur kwenda kwa mtu yeyote.