Mrejesho: kitako na chemba za bunduki ya marisau ya zamani

Wadau, niliuliza kuhusu bunduki ya marisau ya Uingereza, kaliba 12, mitutu miwili sambamba: kitako kimekuwa cheusi kwa mafuta, na je, katriji za milimita 70 zinafaa kwa shabaha za udongo?

Katriji kwanza. Chini ya mitutu pamegongwa 2½, yaani urefu wa chemba (sehemu ya mtutu inapokaa katriji) kwa inchi, kama milimita 65. Ya 70 huingia bila kukataa, na hapo ndipo mtego: mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, shinikizo linapanda. Basi ni za 65, gramu 24, marisau ya madini ya risasi. Ya chuma hapana. Fundi mwenye leseni amekataa kurefusha chemba, kuta zingepungua.

Kitako, baada ya fundi kukitoa: chaki ya unga na asetoni, uji mzito, inapakwa pale mbao inapokutana na chuma. Ikikauka imegeuka kahawia, pangusa, paka tena. Ilihitaji mara 5. Fanyia nje, mbali na jiko. Vibonyeo vilinyanyuka kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto. Msasa namba 320, ila usiguse kingo: mbao ikishuka chini ya chuma, hairudi.

Halafu mafuta ya kitani, matone machache kwa kiganja, siku moja kati ya mipako. Kwa baridi ya Nairobi ya Julai, siku 2; aliyeharakisha atabaki na utando unaonata.

Pedi ya mpira nyuma ya kitako imeongeza urefu sentimita 2. Shavu sasa linakaa mahali pake.